Mfumo wa Zamani wa Benki na Msimu wa Korosho

Swali: Mbunifu anayesanifu upya kiolesura, yaani sura ya programu anayoiona mtumiaji, cha mfumo wa ndani wa benki mjini Mtwara aanzie wapi?

Jibu: Aanzie nyuma ya kioo cha dirisha la malipo, hasa wakati wa korosho, kwa kuwa tangu msimu wa 2007/2008 zao hilo huuzwa kwa stakabadhi ghalani, utaratibu ambapo mkulima hukabidhi mzigo kupitia chama cha msingi cha ushirika, ukapigwa mnada, kisha fedha zikaingizwa katika akaunti yake, hivyo minada ya kuanzia Oktoba huleta foleni ambazo miezi mingine haizijui. Mfumo mkongwe, ambao mara nyingi huendeshwa kwa misimbo, yaani namba fupi zinazowakilisha aina za miamala, hauvutii macho, lakini vidole vya keshia mzoefu huukimbiza bila hata kutazama kibodi, na mbunifu anayeziondoa njia hizo za mkato ili aweke vipicha vya kupendeza humrudisha mzoefu huyo darasa la kwanza. Kinachostahili kubadilishwa ni ujumbe wa kosa usiosema kosa ni lipi, pamoja na utafutaji unaokwama kwa sababu jina limeandikwa Swalehe katika orodha ya chama na Saleh katika akaunti, tofauti inayoweza kumrudisha mkulima wa Kilambo, kando ya mto Ruvuma, mikono mitupu. Nauli yake haionekani katika skrini yoyote. Majaribio yafanyike Julai au Agosti, mfumo wa zamani ukiendelea sambamba, wala si Novemba.