Gololi za Tairi la Nyuma

MJUKUU: Mwangaluka, babu. Nimekuletea baiskeli ya baba. Tairi la nyuma linanguruma, na nikipakia gunia linayumba mpaka linagusa uma.

FUNDI: Mwangaluka, mjukuu wangu. Ipindue isimamie kiti na usukani. Shika tairi kwa juu, lisukume kulia na kushoto. Unaona linavyocheza? Sasa lizungushe polepole. Unasikia nini?

MJUKUU: Kama mchanga unasagwa.

FUNDI: Gololi hizo. Mnavuka mto na baiskeli hii?

MJUKUU: Mto Simiyu, tukienda shamba la pamba.

FUNDI: Maji yakifika kwenye ekseli huingia ndani na tope la mbuga. Maji hukauka, tope hubaki kwenye grisi, na grisi yenye udongo inakula chuma usiku na mchana.

MJUKUU: Basi nikanunue gololi, yaishe.

FUNDI: Hapo ndipo watu wanapopotezea hela. Fungua kwanza, ujue kilichokufa. Toa tairi kwenye fremu, utandike gunia chini, gololi zitamwagika. Upande wa friwili usiuguse kwa sasa. Huku kushoto shika koni kwa spana nyembamba, legeza nati iliyoifunga, kisha toa koni yenyewe. Sasa vuta ekseli itokee upande wa friwili.

MJUKUU: Nimeziokota 17, babu.

FUNDI: Habu hii inataka 18, tisa kila upande, za robo inchi. Ya mbele hutumia ndogo zaidi, za 3/16 ya inchi, kumi kumi. Moja yako imepasuka, vipande vyake ndivyo vilivyokuwa vinasagwa. Osha kila kitu kwa dizeli, ufute, tuitazame koni.

MJUKUU: Ina vishimo, pale gololi zinapopita.

FUNDI: Kwa kawaida koni huisha kabla ya bakuli la habu. Ukiweka gololi mpya juu ya vishimo hivyo, utarudi hapa kabla pamba haijauzwa. Nunua koni zote mbili na gololi zote 18.

MJUKUU: Baba alisema gololi ikipungua, niongeze hiyo tu.

FUNDI: Baba yako namheshimu, ila kwa hili nitamkatalia mbele yake. Gololi za zamani zimelika, zimepungua unene. Hiyo mpya ni nene kuliko wenzake, kwa hiyo gunia zima litakaa juu yake peke yake. Itapasuka, nayo itaharibu bakuli. Na bakuli likifa, mara nyingi ni kubadili habu: spoku zote 40 zifunguliwe, tairi lisukwe upya. Siku nzima ya kazi, kwa sababu ya gololi moja!

MJUKUU: Kwani chuma hakiwezi kuzunguka bila gololi?

FUNDI: Kinazunguka kwa kusuguana, na mguu wako ndio unaolipa. Mfaransa Jules Suriray alipata hataza ya gololi za baiskeli mwaka 1869. Mwaka huohuo Mwingereza James Moore alishinda mbio za Paris hadi Rouen akiwa na gololi hizo. Tangu hapo kanuni yake haijabadilika.

Haya, jaza grisi kwenye bakuli. Si oili chafu ya pikipiki, hiyo inachuruzika. Panga gololi tisa kila upande, grisi itazishika. Ibaki nafasi ndogo, zisibanane. Rudisha ekseli, kaza koni kwa vidole mpaka iguse, kisha irudishe nyuma kidogo.

MJUKUU: Kidogo kiasi gani?

FUNDI: Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, usiharakishe. Nati ya kufungia ikikazwa huisukuma koni ndani. Kwa hiyo shika koni isizunguke, kaza nati, halafu pima. Ekseli ikikwama, umebana mno. Ikicheza, umelegeza. Legeza tena, sogeza koni upana wa uzi, kaza, pima. Mimi hurudia mara tatu, nne, na sioni aibu.

MJUKUU: Sasa inazunguka laini, ila ikiwa kwenye fremu inacheza kidogo sana.

FUNDI: Basi fungua, tuirekebishe sasa hivi. Na ukishabeba mzigo wa kwanza kesho, sukuma tena tairi kulia na kushoto. Likicheza, usingoje jioni, ilete.