Jina Moja, Mikupuo Tofauti: Ijue Simu Yako Kabla ya Kulipa

Tuseme ndugu wawili wamenunua simu za aina moja katika maduka ya Darajani. Jina ni hilo hilo, rangi ni hiyo hiyo, na bei zimepishana kidogo tu. Wa kwanza alinunua wiki ile simu ilipoingia sokoni. Wa pili alisubiri miezi minane. Kabla ya mwaka kumalizika, simu ya mmoja wao inazimika ghafla ilhali chaji bado ipo. Ndani yake mna fedha zake za mtandao na oda za wateja wake wa ushoni. Muuzaji anamjibu: "Simu hizi ni nzima. Mbona ya ndugu yako haina tatizo?"

Jawabu hilo humnyamazisha mnunuzi, lakini si jawabu la haki. Somo hili linaeleza kwa nini.

Mkupuo ni nini?

Kiwanda hakitengenezi simu zote za aina moja kwa wakati mmoja. Huzitengeneza kwa mikupuo, na kila mkupuo una tarehe yake na vipuri vyake. Betri za simu za jina moja huweza kutoka kwa watengenezaji wawili tofauti.

Mkupuo wa mwanzo aghalabu hufanywa kwa haraka ili kuwahi siku ya uzinduzi, na kasoro ambazo hazikuonekana katika majaribio hujitokeza mikononi mwa wanunuzi. Baadaye kiwanda huzirekebisha. Hata hivyo, kiwanda hicho hicho kinaweza pia kubadilisha kipuri ili kupunguza gharama, au kwa sababu muuzaji wa awali hatoshelezi mahitaji.

Ndiyo maana madukani husikika kauli mbili zinazopingana: "za mwanzo ndizo imara" na "subiri zitakazofuata". Mifano miwili ifuatayo inaonesha kuwa hakuna kati ya kauli hizo inayofaa kutegemewa.

Mfano wa kwanza: kasoro ya mkupuo wa mwanzo

Mwezi Novemba 2016, kampuni ya Apple ilitangaza kubadilisha betri bila malipo kwa baadhi ya simu za iPhone 6s zilizokuwa zikizimika ghafla. Simu hizo zilitengenezwa kati ya Septemba na Oktoba 2015, yaani mwanzoni kabisa mwa uzalishaji. Kampuni ilieleza kuwa sehemu ya betri iliachwa kwenye hewa ya kiwandani kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa kabla ya kuunganishwa. Simu zilizohusika zilitambuliwa kwa namba zake za mfululizo.

Mfano wa pili: marekebisho yaliyoleta kasoro mpya

Simu ya Samsung Galaxy Note7 ilianza kuuzwa Agosti 2016. Tarehe 2 Septemba kampuni ilitangaza kuzirejesha simu zipatazo milioni 2.5, kwa kuwa baadhi zilishika moto. Wanunuzi walipewa simu mbadala zenye betri za mtengenezaji mwengine. Nazo baadhi zikaungua, na mwezi Oktoba uzalishaji ukasitishwa kabisa. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulibaini kasoro mbili tofauti: betri za mwanzo zilibanwa kwenye pembe, na za baadaye zilikuwa na dosari za uchomeleaji.

Basi si jina la simu wala umri wa toleo lake unaotosha kukuhakikishia ubora. Kinachokulinda ni kuweza kuthibitisha simu yako ni ipi hasa.

Hatua za kuchukua

1. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#. Itatokea namba tambulishi (IMEI) yenye tarakimu 15; simu ya laini mbili huonesha namba mbili. Linganisha na zilizoandikwa kwenye boksi.

2. Tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na uangalie kama aina inayotajwa ni hiyo uliyoishika. Simu bandia zilifungiwa mitandaoni mwezi Juni 2016. Zingatia: uhakiki huu hauelezi simu ni ya mkupuo gani.

3. Nakili namba ya mfululizo, ambayo kwenye boksi huandikwa S/N. Kwa namba hiyo mtengenezaji hutambua simu ilitengenezwa lini, na kama imo katika zoezi la marekebisho. Uliza kwa wakala au katika tovuti rasmi.

4. Dai stakabadhi yenye aina ya simu, namba zote mbili, tarehe, muda wa dhamana na jina la anayeitoa. Kwa simu iliyoletwa kutoka Dubai, uliza kama dhamana yake inakubalika hapa.

5. Kwa simu iliyotumika, uliza kama imewahi kufunguliwa. Betri iliyobadilishwa na fundi si ya mkupuo ule tena.

Tatizo likitokea

Andika siku lilipoanza na urudi dukani mapema, ukiwa na stakabadhi na boksi. Usikubali kulinganishwa na simu ya mtu mwengine. Onesha namba ya yako. Usiposikilizwa, fikisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Ikiwa betri imevimba au simu inachoma mkononi, izime, usiichaji wala usiitoboe, na usisafiri nayo kwa boti au ndege.

Maswali ya kujipima

1. Je, stakabadhi ya simu yako ina namba tambulishi?
2. Kwa nini simu nzima ya jirani si ushahidi kuwa yako haina kasoro?
3. Namba ipi humwezesha mtengenezaji kuujua mkupuo wa simu yako?