*TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 11: USIMTANGULIE IMAMU*



Leo tuzungumzie mapigo. Wakazi wa Dodoma mnaijua muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo. Ikianza kupigwa, hata aliyesimama pembeni atakuta mguu wake unagonga chini. Nani kamfundisha? Hakuna. Ni kipaji alichojaaliwa na Allah.

Wataalamu wamempa mtu mlio unaojirudia, *ti, ti, ti*, aufuate kwa kidole. Wakakuta kidole kinautangulia mlio kidogo! Ubongo wetu hausubiri pigo, unalikisia kabla halijafika. Kima waliofundishwa zoezi la namna hiyo wao walikawia: wasikie kwanza, ndipo wagonge. Wapo viumbe wachache wanaotukaribia. Kasuku mmoja mweupe wa Marekani, Snowball, alipimwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2009: muziki ukiongezwa kasi au kupunguzwa, naye mara nyingi alibadilisha mwendo wa kucheza.

Sasa tazama. Kipaji hichohicho ndicho kinachotuponza kwenye tarawehe. Ukishasali rakaa nne, mwili umeshashika mwendo. Imamu hajamaliza takbira, wewe umeshainama. Si kwa jeuri, ni mazoea. Lakini jambo hili si dogo: Mtume (S.A.W.) amemwonya vikali anayeinua kichwa kabla ya imamu.

Al-Baraa bin Azib (R.A.) amesimulia kuwa maswahaba hakuna aliyekuwa akiinamisha mgongo kwenda sijda mpaka Mtume aweke paji la uso chini. Hebu fikiri: wale walisali nyuma yake kila siku. Nani aliujua mwendo wake kuliko wao? Na bado walisubiri. Kujua kinachofuata hakukuwapa ruhusa ya kutangulia.

Nasi maimamu tuna sehemu yetu. Mtume amekataza kudonoa kama kunguru ndani ya swala. Nyuma yetu yupo mzee mwenye magoti mabovu, tumwachie atulie kwenye rukuu yake.

*Zoezi la usiku wa leo:* imamu akileta takbira, usijongee mpaka sauti yake ikatike. Ukienda sijda, mwache afike chini kwanza. Utauona mwili unataka kukimbia. Uzuie. Mchana umeizuia njaa, usiku zuia haraka.

Allah atutakabalie funga na visimamo vyetu. Aamin.

_Mtumie na mwenzako unayesimama naye safu moja._