Tabia Hudhihirika kwa Kauli: Maswali na Majibu juu ya Riwaya ya Jane Austen

Wanafunzi wa fasihi wakaao Nkuhungu, Dodoma, wametuletea maswali juu ya Pride and Prejudice, riwaya ya mapenzi ya Jane Austen iliyochapwa London mwaka 1813. Mwalimu wa fasihi wa mtaani kwao anawajibu.

Mwalimu, vitabu vya muhtasari vyatuambia kuwa muungwana Darcy ana kiburi na Elizabeth, msichana ampendaye, ana akili. Je, hayo hayatoshi?

Hayatoshi, wanangu. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, aliwapa wahusika majina yaliyobeba hulka zao, hata msomaji asikiapo jina la Hasidi au la Mwivu hana haja ya kungoja tendo ili amjue mwenye jina. Na njia hiyo ni halali, yenye asili kongwe katika hadithi za maadili. Austen ameshika njia nyingine, ya kumwacha mhusika aseme mpaka ajifichue mwenyewe. Sura ya kwanza takriban yote ni maongezi ya Bwana na Bibi Bennet, wazazi wa mabinti watano akiwemo Elizabeth, juu ya kijana tajiri aliyepanga nyumba ya jirani. Na kabla mwandishi hajatoa hukumu yake katika mistari ya mwisho ya sura hiyo, sisi tumekwisha kutambua kwamba mke ameshughulishwa na kuoza mabinti, na kwamba mume hupata burudani yake katika kumkejeli mkewe.

Kwa nini posa ya kasisi Collins inachekesha, ilhali maneno yake ni ya adabu tupu?

Swali hili ni zuri, na hasa kwetu sisi, kwa kuwa katika ada zetu, bara na pwani, posa aghalabu hupelekwa na mshenga na wazee, kwa maneno marefu yenye taadhima, na kwa hiyo msomaji wa hapa huweza kumsamehe Collins kwa kudhani kuwa urefu wa usemi wake ni staha. Lakini mshenga, pamoja na madaha yake yote ya ulimi, huenda kusikiliza jibu. Collins, ambaye ndiye atakayerithi nyumba ya akina Bennet, anampangia Elizabeth hoja zake za kuoa moja baada ya moja, mojawapo ikiwa ni nasaha ya mfadhili wake Lady Catherine de Bourgh. Na Elizabeth anapokataa, kwa uwazi na zaidi ya mara moja, yeye hushikilia kwamba ni desturi ya wanawake waungwana kukataa kwanza kile wanachokusudia kukubali. Hapo ndipo tabia yake inapobainika: adabu yake yote haina nafasi ya mtu wa pili. Siku chache baadaye amekwisha kumposa Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth.

Na Darcy, mabadiliko yake tutayaona wapi?

Wekeni sura ya 34 na sura ya 58 mbele yenu, mzisome kwa pamoja. Katika ile ya kwanza Darcy anaingia, ananyamaza, kisha anabubujikwa na mapenzi yake yaliyochanganyika na masimango juu ya unyonge wa jamaa za Elizabeth, naye akiwa na yakini kuwa atakubaliwa. Elizabeth anamkataa, akimkemea kwa mwenendo usiomstahili muungwana. Katika ile ya pili anasema kwa ufupi, anakiri kuwa lawama ile ilimtesa, na anamwachia Elizabeth hiari ya kumnyamazisha kwa neno moja. Mapenzi ni yale yale; kilichogeuka ni namna ya kumsemesha mpendwa, na kwa rai yangu hakuna mahali pengine katika kitabu hiki ambapo ustadi wa Austen ni bayana kuliko hapo.

Je, mazungumzo hujenga tabia tu, au husukuma kisa pia?

Hufanya yote mawili. Katika sura ya 56, Lady Catherine, ambaye ni dada wa mama yake Darcy, anamjia Elizabeth kumtaka aahidi kwamba hataolewa na Darcy, naye Elizabeth anakataa kutoa ahadi. Bibi yule anaipeleka habari hiyo kwa Darcy ili kumkatisha tamaa, na kumbe ndiyo inayomrudishia matumaini.

Katika mtihani, tuandike vipi?

Taja sifa, kisha onyesha kauli iliyoidhihirisha, nani aliambiwa, na yule aliyeambiwa alijibu nini. Na kabla ya kufungua muhtasari wowote, nawaomba msome sura ya 34 kwa sauti, wawili wawili, mmoja akiwa Darcy na mwenziwe Elizabeth.