Kompyuta Inapozima Ghafla
Katiba na mihtasari ya kikundi cha mikopo hapa Kilakala inaweza kupotea pale fundi anapokimbilia kufuta diski na kupiga Windows upya. Huenda kosa ni la draiva tu, yaani programu inayoiunganisha kompyuta na printa au kifaa kingine. Tarehe 19 Julai 2024, draiva ya CrowdStrike ilipopokea faili lenye kasoro, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilianguka. Nyingi zilirejeshwa kwa kuondoa faili hilo peke yake.

Windows 10 au 11 ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, hufungua yenyewe ukurasa wa ukarabati. Hapo ichaguliwe Safe Mode, nyaraka zinakiliwe kwanza kwenye flashi, ndipo draiva iliyowekwa karibuni iondolewe kupitia Device Manager.