Maji Yaliyolala Katika Mabomba ya Majengo
Watumishi wenye dhamana ya majengo, pamoja na wananchi, wanafahamishwa juu ya Lejionela, bakteria aliyetambuliwa mwaka 1977. Mwaka mmoja kabla, wapiganaji wastaafu 29 wa Marekani waliokutana katika hoteli moja ya Philadelphia walifariki kwa homa ya mapafu aliyoisababisha.

Bakteria huyo huingia mapafuni kwa kuvutwa pamoja na manyunyu membamba, kama ya bafu, na hustawi katika maji ya nyuzi 20 hadi 45. Kanuni ya nchi za baridi, kwamba maji baridi yasizidi nyuzi 20, Visiwani haitekelezeki: tangi la juu ya paa hupigwa na jua mchana kutwa. Tegemeo basi ni kusafisha tangi, kutia klorini na kutoyaacha maji yalale. Mifereji ya chumba kilichofungwa wiki nzima ifunguliwe taratibu, maji yakimbie kwanza. Maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60.

Sampuli huchukuliwa katika chupa iliyotakaswa na kutiwa sodiamu thaiosalfeti. Pasipo dawa hiyo, klorini huendelea kuua bakteria chupani, na tangi chafu likaonekana salama. Maabara huhitaji hadi siku 10. Usafishaji usingojee majibu.