Nasaba ya Pande Mbili

Kikwajuni ni mtaa wa Ng'ambo, katika mji wa Unguja. Mitaa hiyo iliitwa Ng'ambo kwa sababu hapo zamani mkono wa bahari uliitenga na Mji Mkongwe.

Mtoto mmoja wa Kikwajuni aliambiwa na mwalimu wake aandike nasaba yake. Akaenda kwa bibi yake, akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu," akamtajia jina la baba, na la babu, na la baba wa babu, hata yakatimia majina saba. Mtoto akayaandika yote, kisha akauliza, "Je, bibi, na mama zao walikuwa nani?"

Bibi akanyamaza kitambo. Akasema, "Bibi yangu mzaa mama aliletwa hapa angali mdogo, kutoka nchi za Ziwa Nyasa, akauzwa. Nyumbani kwetu jambo hili halikutajwa, kwa kuwa watu waliliona ni aibu. Lakini aibu si yake; ni ya wale waliomwuza."

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria haikutolewa mpaka mwaka 1897. Wengi walioachwa huru walikaa Ng'ambo. Baadhi yao, na watoto wao, waliacha majina ya makabila yao, wakajiita Waswahili, na wengine baadaye Washirazi. Hivyo habari za mama wengi zilipotea.

Lakini mwili hausahau. Mwaka 2023 wataalamu walitoa habari za uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa kale, wakiwamo waliozikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa na Kilwa. Waliona ya kuwa kwa wengi wa watu wa miji ile, zaidi ya nusu ya urithi wa mwili ulitoka kwa Waafrika, hasa upande wa mama. Na sehemu kubwa nyingine ilitoka Asia, hasa Uajemi, upande wa baba. Basi wazee waliosimulia habari za mababa wa Kishirazi hawakusema uongo, ila walisimulia upande mmoja.

Bibi akaendelea, "Tena ndugu zangu wawili walikufa wadogo. Waliumwa na mifupa, wakaishiwa na damu. Watu wakasema wamerogwa."

Yako maradhi ya namna hiyo yasiyotokana na uchawi wala kuambukizwa, bali na urithi. Mojawapo ni selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Mtoto huugua akiirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia. Akiirithi kwa mmoja tu, kwa kawaida haugui, tena hupata kinga fulani juu ya malaria kali. Ndiyo sababu kasoro hiyo imeenea katika nchi zenye malaria nyingi. Lakini wazazi wote wawili wakiwa nayo, ingawa wenyewe ni wazima, kila mtoto wao ana bahati moja katika nne ya kuugua. Kipimo cha damu huonyesha aliye nayo, na mgonjwa akijulikana mapema hutunzwa vema zaidi.

Basi, msomaji, chukua daftari. Ukurasa mmoja uwe wa baba, na wa pili uwe wa mama. Andika majina, mahali walipotoka, kazi zao, na maradhi yao. Uliza kwa adabu, wala usimlazimishe asiyetaka kusema. Lakini usikawie kuuliza, kwa maana wazee hawakai milele.

MASWALI
1. Kwa nini bibi alinyamaza kabla ya kujibu?
2. Mwaka 1873 na mwaka 1897 kulitokea nini Unguja?
3. Mtoto hupataje ugonjwa wa selimundu?
4. Taja mama wa mama yako, na mama yake. Kama huwajui, nani aweza kukuambia?